Picha ya Msiba ya Bibi Okbun

Jua lilikuwa linazama Haerin alipomfikia bibi yake na mapeasi ya tambiko la kumkumbuka marehemu babu. Bibi Okbun alikuwa tayari amevaa nguo ya hariri. Alitaka apigwe picha ya msiba, ile ya kuwekwa mazishini, ambayo wazee wa kwao hupiga mapema, uso ungali unatazamika.

"Nikifa, usiiweke karibu na ya babu yako."

"Bibi nawe! Mpaka leo mnanuniana?"

"Niahidi."

"Haya, nimeahidi."

Picha ya kwanza ilitoka na ukungu. Haerin akabana viwiko mbavuni, akazuia pumzi, akabonyeza taratibu. Ukungu tena. Chumba kilikuwa na giza, na kamera ikikosa mwanga hukawia kufumba jicho.

"Nafungua mlango, tupate mwanga."

"Usifungue! Leo ni siku ya babu yako."

"Si ndiyo desturi, marehemu afunguliwe aje ale?"

"Wenzangu huwafungulia waume zao. Mimi, tangu azikwe, sijamfungulia."

Sikio la kufa halisikii dawa. Haerin alicheka, akausukuma mlango hadi mwisho.

Mwanga ukaingia. Na harufu ya pombe ya mchele, ile aliyokuwa akinywa babu...

Akaiweka kamera kwenye miguu yake mitatu, ijipige yenyewe. Safari hii hata nyufa za ukutani zilionekana. Uso wa bibi tu ndio uliokuwa na ukungu. Mkono wa mpigaji ukitikisika, huharibika picha nzima. Hapa kilichotikisika ni uso.

"Bibi, tulia."

"Nimetulia, mwanangu," alinong'ona. Damu ilimchuruzika mdomoni.

Haerin aliinamia kamera, aone kinachomtikisa. Akaongeza kasi ya kamera hadi mwisho wake, akabonyeza.

Picha ilitoka safi.

Shavu la bibi lilikuwa limebonyea. Mashimo ya vidole vitano yamezama kwenye nyama, na vidole vyenyewe havipo.

Ndipo kofi likasikika.

Jingine. Jingine! Bibi akaanguka, akaburutwa kwa nywele, kichwa kikagongwa kwenye meza ya tambiko mpaka mapeasi yakabingirika ndani ya damu. Haerin akaurukia mlango, akaufunga kwa nguvu zote, amzuie babu nje.

Alikuwa amemfungia ndani.

Msibani walikuza picha ya kitambulisho cha bibi, safi kabisa. Ami Byeongho akaisimamisha ubavuni mwa ile ya babu.

"Ami, bibi alikataa!"

"Nyamaza. Mume na mke hawatenganishwi."

Haerin akalia, hakuna aliyemsikiliza. Wageni wakainama, ubani ukafuka. Alipoinua macho, picha ya babu ilikuwa vilevile.

Ya bibi ilikuwa imeanza kuingia ukungu usoni.