Miguu Inayoning'inia

Mama Kidosho alikuwa fundi cherehani, na vitambaa vya wateja vilimjaa mezani. Lakini siku hizo kazi haikumwendea. Mwalimu wa darasa alikuwa amemwambia kuwa Kidosho haandiki, hivyo mwaka ujao wenzake watapanda darasa, yeye atabaki.

Kidosho alizaliwa na udhaifu wa misuli. Mwili ulikuwa mzito, lakini mdomo wake, mtume! Angeweza kumtoa nyoka pangoni.

Mama akawa mguu na njia, mara shuleni, mara hospitalini. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kule hospitali, alisema mkono wa mtoto ni mzima, mwalimu ndiye asiye na subira. Mwalimu naye alisema watu wa hospitali hawalijui darasa. Kila mmoja akivutia kwake, na mama kati yao kama tarishi, hadi akachoka.

"Daktari, mimi sishoni nguo ya mtu nisiyempima," alimwambia mtaalamu. "Njoo umwone anapoandikia. Maneno yenu nimechoka kuyabeba."

Mtaalamu akaja. Wote watatu wakasimama nyuma ya darasa kumtazama Kidosho. Dawati lilikuwa refu, miguu inaning'inia. Mkono mmoja umeng'ang'ania meza asianguke, mwingine unaandika huku ukitetemeka.

Mtaalamu alikiri kuwa hospitalini humkalisha kwenye kiti kifupi. Mama akasema nyumbani huandika akiwa ameketi kwenye kigoda, na huandika vizuri. Mwalimu akakumbuka kwamba hata akiketi sakafuni huandika.

"Miguu ikikosa pa kukanyaga, mwili wote unahangaika usianguke," mtaalamu akaeleza. "Mkono utatulia vipi?"

"Kumbe! Na mimi nikamwita mvivu," mwalimu akasema. Ilimuuma kweli.

Siku hiyohiyo waliweka kisanduku cha mbao chini ya miguu yake. Wakakubaliana pia. Mwalimu atampa muda zaidi wa kuandika. Mtaalamu hatamchosha kwa mazoezi asubuhi ya shule. Mama atafuata mpango huohuo nyumbani. Na kila mwezi watakutana watatu, ana kwa ana.

Herufi za Kidosho hazikunyooka zote, lakini zilisomeka. Mwaka ulipokwisha, walimwita kwenye kikao chao mwalimu wa darasa la juu, wakamweleza kila kitu kabla hajampokea Kidosho. Mama alilia kwa furaha, wala hakujificha.

Kidosho akamshika mkono mwalimu wake wa zamani.

"Nitakukumbuka sana, mwalimu," akasema. "Ila sirudi."