Paja la Fridolin

Kila asubuhi, kabla kengele ya misheni haijalia, Yosefina alikuwa ameshakwenda mtoni Lumemo mara mbili. Mtungi wa kwanza ulikuwa wa kupikia. Wa pili ulikuwa wa Shangazi Konsolata, ambaye Ifakara nzima ilimjua kwa mikono yake. Aliyevunjika mkono alipelekwa kwake. Aliyeteguka kifundo alipelekwa kwake. Kazi hiyo aliianza mwaka wa vita ya Maji Maji, alipowauguza majeruhi waliojificha kwenye matete kando ya mto. Sasa vita ilikuwa imekwisha miaka sita iliyopita, lakini wagonjwa hawakukoma kuja.

Yosefina alikuwa na miaka kumi na miwili. Yeye na kaka yake Fridolin, aliyemzidi kwa miaka miwili, walilelewa na shangazi huyo baada ya wazazi wao kufa katika njaa iliyofuata vita. Yosefina alichemsha majani, akashika vitambaa, akatazama. Kwa kutazama tu, alianza kuamini kwamba ameshajua yote.

Fridolin yeye alijua mpira. Wanafunzi wa shule ya misheni walikuwa wamejitengenezea mpira wao kwa matambara waliyoyazungushia utomvu wa mpira wa porini, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukawa mkubwa kama kichwa cha mtu. Ulikuwa mzito, na mguu usiokuwa na nguvu haukuufikisha mbali. Mguu wa Fridolin uliufikisha.

Ijumaa jioni alirudi kutoka mazoezini akiuburuta mguu wa kulia. Alimvuta Yosefina nyuma ya jiko.

"Nilikuwa napiga mpira," alinong'ona. "Nikasikia kitu kimekatika, pa! Hapa mbele ya paja."

"Twende kwa Shangazi."

"Thubutu! Atanikataza kucheza. Jumapili vijana wa Kiberege wanakuja, na Mwalimu Kelestini amenichagua mimi niwaongoze wenzangu. Nikikaa nje, Viktor atachukua nafasi yangu." Alimshika mkono. "Wewe si unajua dawa? Nikande wewe."

Neno hilo lilimwingia Yosefina kama asali. Alichemsha maji, akachovya kitambaa, akakikamua kikiwa bado kinafuka mvuke, akakibandika penye maumivu. Kisha alipaka mafuta ya nyonyo na kukanda kwa kiganja, kwa nguvu zake zote, kama alivyomwona Shangazi akimkanda mzee mmoja mwenye mgongo uliokakamaa. Fridolin aling'ata upindo wa shuka asipige kelele.

Asubuhi paja lilikuwa limevimba zaidi. Yosefina aliliona, lakini akajiambia kwamba hakukanda vya kutosha. Akakanda tena, na jioni akarudia.

Siku hiyo Mwalimu Kelestini alimkuta njiani. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Yosefina, kaka yako anachechemea. Ana nini?"

Ulimi uliitangulia akili. "Amechomwa mwiba, Mwalimu. Nimeshautoa."

"Basi vizuri," akasema Mwalimu, akaenda zake. Yosefina alibaki amesimama, mtungi kichwani, akitamani kumwita arudi. Hakumwita.

Jumapili, baada ya misa, watu walijaa kwenye shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa. Vijana wa Kiberege walikuwa wamefika tangu Jumamosi kwa miguu, na walicheza kama watu waliokuja kutafuta kitu. Fridolin alikimbia kwa kukaza meno. Kila alipogeuka, Yosefina aliona uso wake ukikunjamana. Asubuhi hiyo paja lilikuwa limebana hata ngozi inang'aa, naye Fridolin alikuwa amelifunika kwa kaniki asilione mtu.

Mpira ulimjia mbele ya goli. Aliinua mguu, akaupiga. Kabla haujafika popote, alianguka chini kama gunia, akapiga ukelele ambao Yosefina hakuwahi kuusikia kutoka kwake.

Watu walimzunguka. Donati, mwanamume mwenye mabega mapana aliyejisifu kwa kurudisha viungo vilivyoteguka, alijipenyeza katikati.

"Nyonga imechomoka!" alisema. "Mshikeni mabega. Mimi nauvuta mguu, utarudi mahali pake sasa hivi."

Wanaume wawili walimshika Fridolin. Donati alikamata kifundo cha mguu. Shangazi Konsolata alikuwa ameshaitwa, lakini bado alikuwa mbali, akija mbio huku ameshikilia kanga yake.

"Msimvute!" Yosefina alipaza sauti.

Hakuna aliyemsikia. Nani angemsikiliza mtoto wa kike miongoni mwa watu wazima wale? Alipita chini ya mikono yao, akajitupa juu ya mguu wa kaka yake, akaukumbatia.

"Hakuteguka! Ameumia tangu Ijumaa! Nilidanganya, Mwalimu, hakuna mwiba! Hapakuwa na mwiba!"

Donati alimtazama kwa hasira, lakini Mwalimu Kelestini aliinua mkono. "Mwache kwanza, Donati. Konsolata anakuja."

Shangazi alipiga magoti pale pale kwenye mabua. Hakumgusa Fridolin. Kwanza aliuliza: uliumia lini? Ulikuwa unafanya nini? Ulisikia mlio? Uliweza kutembea baada ya hapo? Fridolin alijibu kwa kukatakata maneno. Ndipo Shangazi alipogonga kisigino kwa upole; mfupa haukulalamika. Alimwambia anyooshe goti. Goti lilinyooka kidogo, likitetemeka. Kisha alipitisha vidole mbele ya paja la kushoto, akarudia kwenye la kulia, vidole vikasita mahali pamoja.

"Nyonga iko mahali pake, na mfupa ni mzima," alisema. "Msuli ndio umechanika. Lakini msuli uliochanika Ijumaa hauvimbi hivi siku ya tatu kwa kuachwa tu. Mlifanya nini?"

Yosefina alihisi macho ya watu wote. "Nilimkanda, Shangazi. Kwa maji ya moto. Mara tatu."

Shangazi alifumba macho kidogo. "Ndani ya msuli uliochanika damu inavuja," alisema. "Wewe uliifungulia njia." Aligusa vidole vya mguu wa Fridolin. "Unasikia?"

"Nasikia ganzi, Shangazi. Kama si vyangu."

Vidole vilikuwa vya baridi. Shangazi aligeuka kwa Mwalimu, akasema kwa sauti ya chini ambayo Yosefina aliisikia yote. "Paja limejaa mno, linaibana mishipa. Tumsubiri mpaka jua lifike kwenye vile vilele vya magharibi. Vidole visipopata joto, wabebaji wamchukue hadi bomani Mahenge kwa daktari. Ni safari ya siku mbili au zaidi, na sijui kama mguu utasubiri."

Walimlaza kivulini, mguu umeegemea mkeka uliokunjwa. Shangazi alikataa kuufunga: "Umebanwa tayari, niubane tena?" Alitaka vitambaa vya maji baridi ya mtoni, na vibadilishwe kila vikipata joto. Yosefina aliukamata mtungi, akakimbia. Aliporudi alimkuta Viktor naye anao mtungi, na nyuma yake vijana watatu wa Kiberege. Mchezo ulikuwa umesahauliwa. Walipanga mstari kutoka mtoni, mtungi ukipita mkono hadi mkono.

Jua lilishuka. Kila mara Yosefina aligusa vile vidole, na kila mara vilikuwa vya baridi. Wabebaji wanne walikuwa wameshakata miti ya machela. Aliomba sala zote alizofundishwa, akazichanganya.

Ukingo wa jua ulipogusa milima, Fridolin alisema, "Nani ananitekenya?"

Shangazi alikuwa anampapasa unyayo. Aligusa vidole kimoja kimoja, taratibu. "Ongeza maji," alisema. "Joto linarudi." Machela haikwenda Mahenge. Ilimpeleka nyumbani.

Kupona kulichukua muda mrefu kuliko Fridolin alivyotaka. Siku za kwanza alilala tu, mguu juu ya mkeka. Uvimbe ulipopungua, Shangazi alilifunga paja kwa ukanda wa kaniki, si kwa kulibana sana. Wiki ya pili alimruhusu kukunja goti kidogo kidogo, pasipo maumivu. Alama nyeusi iliteremka mpaka gotini, ikageuka njano, ikafifia. Yosefina alibadilisha vitambaa, lakini sasa kila alichofanya alikiuliza kwanza. Siku moja alikwenda mwenyewe kwa Mwalimu Kelestini kuomba radhi. Mwalimu alimsamehe, kisha akampa kazi ya kufagia darasa kwa wiki nzima, naye alilifagia bila kunung'unika.

Ilipokwisha wiki ya nane Fridolin aliingia uwanjani tena. Alikimbia vizuri. Katikati ya mchezo, Yosefina alimwona akisimama ghafla na kulishika paja. Alinyanyuka kumkimbilia. Lakini Fridolin aliinua mkono, akatoka kwa hiari yake mbele ya watu wote.

"Limenikaza kidogo, Mwalimu," alisema. "Viktor aingie."

Alikuja kuketi kati ya dada yake na shangazi yake. Shangazi alilipapasa paja, akatabasamu. "Ni uchovu tu. Umefanya vyema kusema."

Kisha aliwatazama wote wawili. "Nimewahi kuona mpagazi wa jeshi aliyechanika paja hivyo hivyo. Yeye hakuruhusiwa kusema anaumwa. Alisukumwa atembee na mzigo wake, na mpaka leo anatembelea fimbo. Ninyi mna watu wa kuwasikiliza, mkachagua kunyamaza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Fridolin, maumivu si aibu. Nawe Yosefina, mganga si yule anayejua kukanda. Mganga ni yule anayeuliza kabla hajagusa, na akikosea, anasema. Siku ile uliposema mbele ya wanaume wote wale, ndipo ulipouokoa mguu wa kaka yako."