Karai la Patrisi na Chembe za Angani

Asubuhi hiyo kule Endamarariek, Marsela alitandika turubai uani. Akamwaga maharage makavu, tayari kwa kupurwa. Kilikuwa chakula cha mwaka, na mbegu humo humo. Lakini upande wa mlima Oldeani wingu lilikuwa linajikusanya.

"Baba Eva, leta fimbo! Mvua inakuja!"

Mumewe, Patrisi, alichungulia mlangoni. Kichwani alikuwa amejifunika karai la kujengea.

"Mimi sitoki," alisema. "Na wewe ingia ndani. Redio imesema kuna chembe nzito kama chuma zinatoka kwenye nyota. Wataalamu wanataka kuweka chombo mwezini wazinase. Mpaka wazinase, mimi niko chini ya bati."

Marsela alicheka, lakini moyoni aliogopa. Peke yake asingemaliza, na maharage yakilowa yangeoza. Basi akamwita jirani yao Hyasinta, mwalimu wa fizikia.

Hyasinta aliokota bonge kavu la udongo.

"Baba Eva, simama nyuma ya ua huu wa michongoma."

"Na karai langu?"

"Njoo nalo."

Akalirusha bonge kwenye michongoma minene. Lilivunjika papo hapo. Patrisi alipata vumbi tu begani.

"Michongoma ndiyo hewa," mwalimu alisema. "Chembe hizo ni ndogo mno, hazionekani kwa macho. Zikigonga hewa huko juu, zinavunjika. Vinavyotufikia ni vipande vidogo zaidi. Binadamu ameishi navyo tangu zamani."

"Sasa mwezini wanafuata nini?"

"Kuuliza si ujinga. Mwezini hakuna hewa ya kuzivunja. Chembe inafika nzima, na wataalamu wanaweza kujua ni ya aina gani. Ila zile nzito sana ni adimu. Chombo lazima kiwe kipana, kingoje muda mrefu."

Patrisi alitazama maharage. "Kama turubai. Likiwa dogo, punje zinakupita."

"Hapo umepata!"

Patrisi akachukua fimbo, Hyasinta naye akashika yake. Walipura huku wakiimba, na sauti ya Patrisi ilizidi zote. Karai lilishuka kichwani, likawa la kuchotea maharage. Gunia la mwisho liliingia ndani wingu likiwa juu yao.

Marsela alifurahi mpaka akapiga vigelegele. Ndipo matone makubwa yakaanza kugonga bati. Patrisi, aliyekuwa bado uani akikunja turubai, alirudisha karai kichwani na kukimbia.

"Mama Eva!" alipiga kelele akicheka. "Haya hayakuvunjika! Yamefika mazima!"