Maji Kwenye Breki

Kila Jumamosi asubuhi, mama akiwa bado anatafuta viatu, Chiriku alikuwa ameshafungua boneti ya gari lao. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha na kukichomoa tena. Alitazama maji ya rejeta, kisha akainama kuangalia kama mafuta ya breki yamefika kati ya mistari miwili ya kikopo chake. Halafu alimtangazia mama matokeo kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina la Chiriku hakupewa bure. Tangu anaamka hadi analala, mdomo wake haukujua likizo.

Gari lenyewe waliliita Kijivu kwa sababu ya rangi yake. Lilikuwa gari la juu, la viti saba, na mama alilinunua likiwa limeshatumika wakati Chiriku ana miaka mitano. Miaka saba ya kuishi nalo iliwafundisha tabia zake zote. Mlango wa nyuma haukufunga mpaka usukumwe kwa goti. Kioo cha kushoto kilishuka chenyewe, ila kupanda mpaka kibembelezwe. Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule, na viti vya mwisho alivikunja siku ya kwanza ili apakie marobota ya vitambaa. Bibi, mama yake mama, alisema Kijivu hunung'unika asubuhi kuliko yeye, lakini likishaamka halimwangushi mtu.

Kuhusu ukaguzi wa Jumamosi mama alikuwa na sharti moja tu. "Wewe angalia, usiguse kingine. Kikipungua kitu, niambie."

Jumanne moja baada ya shule, Chiriku alilivunja sharti hilo. Mdogo wake wa miaka sita, aliyeitwa Kifungo kwa ufupi na uduara wake, alitaka wacheze gereji. Chiriku akaingia stoo na kutoka na chupa mpya ya mafuta ya breki. Mama aliinunua kwa sababu Ijumaa ile fundi angekuja kubadilisha pedi za breki.

"Mtazame sasa fundi mkuu anavyofanya kazi," alisema, akazungusha kizibo mpaka utepe wake ukakatika, kisha akaiinua chupa kwa mbwembwe. Chupa ikamponyoka. Kabla hajaiokota, zaidi ya nusu ya mafuta yalikuwa yameshatambaa sakafuni.

Kifungo aliziba mdomo kwa mikono miwili. Chiriku akafuta sakafu kwa vipande vya vitambaa, akavificha chini kabisa ya pipa la taka. Kisha akafanya jambo ambalo hata yeye mwenyewe hakujua lilimjiaje. Aliijaza chupa maji ya bomba, akaitikisa, akairudisha stoo. Rangi ilipauka kidogo tu. Mtu mwenye haraka asingegundua.

"Nitamwambia mama kesho," alimwambia Kifungo. "Wewe nyamaza."

Kesho yake mama alikuwa na sare arobaini za kumaliza, na uso wake haukukaribisha habari yoyote. Alhamisi hospitali ilipiga simu kuthibitisha kuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, bibi angefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Bibi alikuwa ameisubiri siku hiyo miezi minane. Nyumba nzima ilikuwa na furaha, na Chiriku hakutaka kuwa yeye wa kuiharibu.

Ijumaa aliporudi kutoka shuleni alimkuta fundi akikusanya spana zake. Ni yeye aliyekuwa akilitengeneza Kijivu tangu lilipofika kwao.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Chiriku. Mmepata pedi mpya, mbele na nyuma. Mafuta ya zamani nimeyatoa yote, nimeweka mapya." Akaitikisa chupa tupu. "Hata tone halijabaki!"

Chiriku aliitazama chupa ile, kisha akalitazama Kijivu.

"Afadhali," mama alisema kutoka mlangoni. "Kesho tunashuka mlima bila wasiwasi."

Hospitali ilikuwa katika mji wa chini, ng'ambo ya mlima. Chiriku alipiga hesabu kichwani. Akisema, safari imekufa, na miezi minane ya bibi imepotea kwa sababu yake. Akajipa moyo kwamba maji hayana ubaya. Si hata rejeta ina maji? Lakini usiku ule alijigeuza kitandani mpaka shuka likamfunga miguu.

Asubuhi bibi alikaa kiti cha mbele, barua ya hospitali ikiwa mapajani. Watoto walikaa nyuma. Walipanda mlima taratibu, na muda wote Chiriku hakutoa neno.

"Leo huyu kameza nini?" bibi aliuliza.

"Mwache, mama. Hata redio hupumzika," mama alijibu, wote wawili wakacheka.

Kileleni palikuwa na kibao cha kuwaonya madereva watumie gia ndogo. Baada ya hapo barabara ilianza kuteremka kwa kona kali, mwamba upande mmoja na bonde tupu upande wa pili. Mama alikanyaga breki kwenye kona ya kwanza, ya pili na ya tatu, na Kijivu likatii. Kona ya nne lilichelewa kupunguza mwendo. Kona ya tano lilichelewa zaidi, na harufu kali ya joto ikaingia ndani.

"Mbona pedali inalegea?" mama alisema peke yake. Akakanyaga tena, kwa nguvu. "Ah, ni hizi pedi mpya. Hazijakaa sawa. Zitazoea."

Kati ya watu wanne waliokuwemo garini, Chiriku peke yake alielewa kwamba si pedi. Alimtazama Kifungo aliyekuwa akichora kwa kidole kwenye kioo. Akaitazama shingo ya bibi. Akaona kwamba akinyamaza kwa kona moja zaidi, huenda asipate tena wa kumwambia.

"Mama, usiiamini breki! Ina maji!" alipiga kelele. "Nilimwaga mafuta Jumanne, nikajaza maji kwenye chupa. Fundi hakujua. Ni mimi, mama!"

Mama hakugeuka wala hakufoka. Alivuta gia mpaka ya chini kabisa, na injini ikanguruma. Akakanyaga breki mara moja tu, na pedali ikazama hadi sakafuni.

"Mama, shika mlango. Watoto, kazeni mikanda," alisema kwa sauti ya chini.

Injini ililivuta Kijivu nyuma, lakini mteremko nao ulilivuta mbele. Mama akaanza kupandisha breki ya mkono kidogo kidogo, ili magurudumu yasifunge ghafla. Lori lililokuwa likipanda liliwapigia honi ndefu, wakapishana nalo kwa nafasi ya kiganja. Mbele, ubavuni mwa mwamba, palikuwa na maegesho ya malori na lundo la mchanga. Mama alikata usukani, akaiingiza pua ya Kijivu katikati ya lundo. Gari lilitikisika, likazimika.

"Tumefika hospitali?" Kifungo aliuliza.

Bibi alianza kucheka, kisha kicheko kikageuka machozi. Mama aliegemeza paji la uso kwenye usukani. Kisha akatoa simu, akampa Chiriku ambonyezee namba ya fundi.

Fundi alifika kwa pikipiki baada ya saa nzima. Alilegeza skrubu ndogo nyuma ya gurudumu la mbele, na kimiminika kikatoka kikitema mapovu.

"Yamechemka," alisema. "Mafuta ya breki huvumilia moto. Maji huchemka, yanakuwa mvuke. Na mvuke ukiukandamiza, unabonyea tu. Nguvu ya mguu haifiki kwenye gurudumu."

Chiriku alimweleza kila kitu, kuanzia stoo, bila kuacha neno. Fundi alisikiliza, kisha akavua kofia yake.

"Na mimi nina kosa langu," alimwambia mama. "Niliona utepe wa kizibo umeshakatwa, nikadhani chupa umeifungua wewe. Sikuuliza, maana nilitaka kuwahi nyumbani. Nisamehe, dada." Kisha akaitazama barabara iliyobaki. "Lakini ulijuaje usimame hapa? Wengi wangeendelea kukanyaga tu."

"Ningeendelea hata mimi," mama alisema. "Ni huyu aliyeniambia."

Saa nne ilikuwa imeshapita, mama akapiga simu hospitali. Daktari wa macho alikuwa anaondoka mchana ule na angerudi baada ya wiki sita. Chiriku alilia waziwazi mbele ya wote.

"Nisamehe, bibi. Nimekukosesha macho yako."

Bibi aliuvuta uso wa mjukuu wake karibu kabisa, maana kwa mbali asingeuona.

"Nisikilize. Kumwaga mafuta si ajabu. Mama yako ameshaunguza sare za watu kwa pasi, akawaambia wenyewe na kushona nyingine. Ungesema Jumanne, tungenunua chupa ya pili tu. Ungesema jana, fundi angeyatoa maji jioni ileile, na sasa hivi ningekuwa kwa daktari. Ulikuwa unaona aibu ya dakika moja, ukaibeba siku nne, na ilikaribia kutuzika sote. Umeelewa?"

"Nimeelewa, bibi."

"Lakini umesema, ingawa ulijua utaiua safari yangu. Hilo nalo sitalisahau. Ukikosea tena, na utakosea, uje useme siku hiyohiyo, hata kama unaogopa. Macho yangu yatasubiri. Nyie hamuuzwi sokoni nikanunue wengine."

Mama alimfuta Chiriku machozi kwa upindo wa kitambaa chake. Uso wake ulikuwa bado mkali.

"Kwa wiki sita hizo wewe ndiye macho ya bibi yako," alisema. "Utamsomea barua zake, utamtia dawa ya macho, na popote anapokwenda utamshika mkono."

"Ndiyo, mama."

"Basi aanze sasa," bibi alisema, akifungua mlango. "Nataka kushuka, na sioni huu mchanga unaishia wapi."

Chiriku akampa mkono, akamwonyesha pa kukanyaga.