Posa ya Paramesia

Mchungaseli alishusha vidole vyake viwili vya fedha majini, umeme hafifu ukapita, na paramesia milioni mia wakageuka kwa pamoja kama ng'ombe waliosikia mluzi. Kila mmoja ni seli moja tu, hana ubongo wala jicho, lakini vijinywele vyake maelfu humpigia makasia huku vikimsukumia bakteria mdomoni. Roboti huyo aliwapitisha bwawa kwa bwawa, na maji ya Tabora nzima yakasafika bila tone la dawa.

Wote hao walitokana na seli moja aliyoilea Dokta Nyamizi Kasubi kwa mkono wake. Mjini watu waliyaita maji ya Nyamizi, na mwenyewe akilisikia jina hilo, siku hiyo hata chakula hakitaki kwa furaha.

Ndipo Dokta Pazi wa Kisarawe, Mzaramo na kwa hiyo mtani wa watu wa Tabora, alipomletea posa. Posa kweli, kwenye bahasha nyekundu, pamoja na kichupa cha paramesia wake kilichofungwa utepe. "Mtani," aliandika, "tumeona ua limechanua bustanini mwenu. Tunaomba tuwaoze."

Utani ulikuwa na sayansi ndani yake. Paramesia akijigawa peke yake mara mia sita hivi, ukoo wake huzeeka. Dawa ni moja: wa koo mbili walale ubavu kwa ubavu, wabadilishane nusu ya kiini, waachane wakiwa wachanga upya.

Nyamizi alilijua hilo vizuri. Wahenga walisema hasidi hana sababu, lakini yeye sababu alikuwa nayo: Pazi alikwisha kuvishwa nishani mbili, yeye hata moja. Wakioana hawa, kesho yatakuwa maji ya Pazi. Akakitia kichupa kwenye droo, akafunga kwa ufunguo.

"Dokta, tumefika mgawanyiko wa mia tano na tisini," alisema Kalunde, fundi wa maabara. "Posa ya watu hatuijibu?"

"Huyo anatutania tu. Endelea na kazi yako."

Miezi mitatu baadaye mchungaseli alishusha vidole, na paramesia wakageuka kivivu. Wengi wakazama. Bakteria wakapita, na wiki hiyo kipindupindu kikaua watu kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa mama yake Kalunde.

Kalunde alirudi kazini baada ya matanga. Hakulaumu. Alinyoosha mkono tu.

"Naomba ufunguo wa droo, Dokta."

Maji ya kichupani yalikuwa yameoza. Chini ya darubini hakikucheza kitu.

Nyamizi akampigia Pazi simu, kiburi chote kimemshuka. "Mtani, posa tumeikubali. Tuletee wengine."

Pazi akajibu, "Hakuna wengine. Ukoo wangu nao ulikuwa umezeeka. Wale niliokutumia ndio wazima niliokuwa nimebaki nao."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niliona haya, mtani. Nilidhani ukijua wangu wanakufa, utafurahi."

Nyamizi alimtazama Kalunde, aliyesimama pale na kaniki yake ya msiba, akisikia kila neno.

"Ningefurahi," akasema.