Kilichosimama Nyuma ya Uwera

Haya yalimfika rafiki yetu Moustapha, mpiga picha wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mwaka wa tisini na sita. Kamera yake ilikuwa imeshindwa kubana tundu la lenzi linaloingiza mwanga, akanunua Lilongwe lenzi kuukuu ambayo tundu lake hubanwa kwa mkono.

"Uko na batoto, mama?" alimuuliza Uwera, mkimbizi aliyekuja kupigwa picha, akimsimamisha mbele ya shuka lililotundikwa.

"Mi niko peke yangu."

Akampiga tatu, kila moja akibana tundu zaidi ili vya nyuma vionekane wazi: tak, tak, tak.

Katika chumba cha giza cha kusafishia picha, zikajitokeza kwenye maji ya dawa. Ya kwanza ilikuwa na ukungu nyuma ya Uwera, wa kimo cha goti. Ya pili, ukungu ulikuwa na kichwa. Ya tatu, mtoto amenyoosha mikono, anataka kubebwa.

Akamwonyesha Uwera.

"Nilimuachaka njiani, amelala," Uwera akasema taratibu. "Nani alimuamusha?"