Kidole Kwenye Kimondo

Kila siku masomo yalipokwisha, Chiriku alipita njia ya mkato nyuma ya kiwanda cha matofali hadi kwenye maabara alikofanya kazi mama yake. Jina hilo la Chiriku, ndege asiyenyamaza, alibandikwa na bibi yake kwa sababu ya kupenda kuongea. Mama alikuwa mwosha vyombo: chupa, mirija na visahani vya kioo, ambavyo baada ya kuoshwa vilichemshwa kwa mvuke mpaka kisibaki kijidudu hata kimoja. Chiriku alikaa kwenye kistuli katika chumba cha kuoshea, akifanya hesabu zake na kusubiri.

Mkuu wa maabara alikuwa mzee mwembamba ambaye wote walimwita Daktari. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amechunguza vimondo, yaani mawe yanayoanguka kutoka angani, akitafuta dalili za uhai usio wa dunia hii. Miaka yote hiyo jibu lilikuwa lilelile: hakuna kitu.

Alasiri moja mlango wa chumba cha ndani ulibaki wazi. Daktari alikuwa ameitwa kwenye simu, na mama alikuwa ametoka kumwaga takataka. Juu ya meza, kwenye sinia la chuma, palikuwa na kipande cha kimondo, cheusi kama mkaa. Chiriku alijua fika kwamba hakuruhusiwa kuvuka mlango ule. Akavuka. Aligusa jiwe kwa kidole gumba, akaona ni baridi tu kama mawe mengine, akarudi haraka kwenye kistuli chake.

Siku tisa baadaye, kwenye visahani vilivyowekwa unga wa jiwe lile, yaliota madoa madogo meupe. Yalikuwa vijidudu hai.

Daktari hakushangilia. Alivua miwani, akasugua macho, akasema, "Turudie."

Walirudia wiki tatu. Kila mara madoa yaliota. Kazi ya mama iliongezeka maradufu. Alirudi nyumbani miguu imevimba, akasinzia akiwa bado na kijiko mkononi. Daktari naye alikonda zaidi, shati likamning'inia mabegani. Chiriku aliyaona yote hayo, na maneno yakamkauka mdomoni.

"Huyu mtoto ana nini?" bibi aliuliza. "Nyumba imekuwa kimya kama ya wageni."

"Labda amechoka, mama. Sote tumechoka," mama alijibu. "Lakini Ijumaa Daktari anapeleka taarifa kwa wanasayansi wenzake. Akishaipeleka, tutapumua."

Chiriku alirudisha tonge sahanini. Alisubiri mpaka bibi alipokwenda kuoga.

"Mama, lile jiwe nililigusa. Sikuwa na glavu."

Mama hakufoka. Aliegemea kiti, akafumba macho.

"Mwezi mzima umenyamaza," alisema.

"Niliogopa watakufukuza kazi."

"Huenda wakanifukuza. Hata mimi naogopa. Lakini kesho utamwambia Daktari kwa mdomo wako mwenyewe. Mimi nitasimama karibu yako."

Kesho yake asubuhi, kabla ya shule, walimkuta Daktari akiwa mezani, taarifa imekamilika mbele yake.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona mapema hivi?"

Chiriku alieleza yote. Daktari alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akachukua kipande cha pamba safi, akakipitisha kwenye kidole gumba cha Chiriku, akakipaka kwenye kisahani kipya.

Siku mbili baadaye aliwaita. Kwenye hadubini, vijidudu vya kidole na vijidudu vya jiwe vilifanana kabisa, kama mapacha. Daktari aliichana taarifa yake taratibu, vipande vinne.

"Nisamehe, Daktari," Chiriku alisema huku akilia.

"Nimekusamehe. Nami nina kosa langu, niliacha mlango wazi. Mama yako hana kosa, na kazi yake ipo palepale." Alifungua kabati, akaonyesha sanduku dogo lililofungwa. "Nusu ya jiwe haijaguswa na mtu. Tutaanza upya."

Walianza upya. Mwezi mzima ulipita, na safari hii visahani vilibaki vitupu. Jioni ya mwisho Chiriku alivitazama kimoja kimoja.

"Kwa hiyo ni hakuna kitu tena," alisema. "Umechoka bure."

Daktari alikaa kwenye kiti kwa uzito, kama mtu aliyeshusha mzigo baada ya safari ndefu.

"Nimechoka, hilo ni kweli. Ila si bure. Jibu hili ni la kweli, na mtafiti mwingine anaweza kulitegemea. Lile la kwanza lingewapoteza njia wengi, miaka na miaka. Jiwe haliwezi kusema limeguswa, mwanangu. Anayeweza kusema ni yule aliyeligusa. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, maana kila siku unayonyamaza kuna mtu anafanya kazi juu ya kosa lako." Alitazama miguu iliyovimba ya mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, kisha akamtazama Chiriku. "Sasa mpeleke mama yako nyumbani akapumzike. Visahani vya leo nitaviosha mimi."